Mshono wa Sita

Nyanji,

Mvua imerudi Buswelu. Imeanza jana mchana, ile inayotokea upande wa ziwa na kutanguliza upepo, na mimi nikafanya ninachofanya siku hizi kila ikinyesha. Nimeacha cherehani, nimesimama katikati ya chumba, nimesikiliza kama kuna panapovuja. Hapavuji. Bati ni zima, unalijua. Lakini tone nalisikia. Linadondoka mahali pamoja, linakaa kidogo, linadondoka tena, na nikigeuka kulitafuta linanyamaza.

Wateja wamenizoea. Wanasema Mama Kabula amechoka, mtoto hamlazi. Ni kweli nimechoka. Kabula anaota magego, anataka kubebwa hata nikiwa na mkasi mkononi. Ila hilo tone halitokani na uchovu, na wewe unajua linatoka wapi.

Nikupe habari kwanza, maana ungeniambia hivyo hivyo, "haya, umbea kwanza, mengine baadaye." Mashine yako ya kufuma masweta bado ipo pale pale dirishani. Mama yako hakutaka kuichukua, na mimi sikutaka kuigusa. Nimeifunika lile shuka lako la maua ya zambarau. Shule moja ilileta kazi ya masweta ya kijani nikawaambia mfumaji hayupo. Nilisema hivyo tu, hayupo, kama vile umeshuka mjini kufuata nyuzi. Kabula sasa anatembea na kuongea. Akipita karibu na mashine yako anasimama, anasema, "Mamdogo, hodi." Mimi sijamfundisha. Halafu anasubiri kidogo kabla ya kuondoka, na hapo ndipo nywele hunisimama, kwa sababu anasubiri kama mtu aliyeambiwa asubiri.

Baba yake bado yuko kwenye injini za boti huko Nansio, anakuja mwisho wa wiki na meli. Haniulizi kitu. Anakaa, ananiangalia ninavyosikiliza bati.

Na simu yako ninayo mimi. Mama yako alinipa siku tatu baada ya mazishi. Alisema, "Chukua, mimi hata kuiwasha siwezi, na sitaki kuiona ikiwaka." Ule ufa wa kwenye kioo bado upo. Katuni zote zimo. Nilipoifungua mara ya kwanza ikaanzia pale tulipoishia, sehemu ya tisa, dakika ya kumi na moja. Wasichana wanne wamekaa mbele ya hema, sufuria iko motoni, maji hayajachemka. Nikaizima.

Unakumbuka nilivyozidharau? Ulikuwa unaegemeza simu kwenye koni ya uzi wakati wa chakula cha mchana, umevaa sweta lako joto lote lile, watu wakikutania kwamba umevaa sampuli ili wateja waone. Nikakuuliza hiyo katuni inahusu nini. Ukasema, "Sio katuni, ni anime, za Wajapani." Nikasema ni katuni. Ukasema haya, ni wasichana wanaenda kupiga kambi. Halafu? Wanachemsha maji. Halafu? Wanakunywa chai. Nikakuambia hiyo sio hadithi, hiyo ni jikoni kwangu. Ukavuta kigoda kwa mguu ukasema, "Kaa kwanza."

Nikakaa. Kabula alikuwa mgongoni, ana miezi sita, na mimi tangu nimzae sikuwa nimelala usiku mmoja mzima. Nikaanza kukusumbua na maswali. Hawa hawana wakwe? Nani amebaki na watoto? Ukasema hawana watoto, ni wanafunzi. Basi nani amewatuma huko porini? Ukasema, "Hakuna." Nikauliza tena, hakuna? Ukasema, "Hakuna, Mama Kabula. Wameenda tu."

Neno lile liliniingia mahali. Nikamtazama yule msichana akisubiri maji yachemke, na walioitengeneza walimwacha asubiri kwa muda ule ule ambao maji huchemka kweli. Hakuna aliyemwita, wala simu yake haikulia. Upepo ulipita kwenye majani, akavuta blanketi, akasubiri. Mlima ulikuwa kule mbele na haukumtaka kitu. Nilikuja kushtuka Kabula amelala mgongoni na mimi machozi yananitoka, na hakuna aliyekufa kwenye hiyo katuni, wala aliyeachwa. Ulinitazama ukasema, "Umeona?"

Baada ya hapo ikawa ndiyo chakula chetu. Kiingereza kinachoandikwa pale chini ya picha mimi sikukiweza, niliishia kidato cha pili na kilikuwa kinakimbia. Wewe ukawa unatafsiri kama wale wa kwenye vibanda vya video, sauti yako juu ya sauti zao. Ukawapa majina ya huku kwetu. Yule mlaji ukamwita Mbuke, na Mbuke alikuwa anasema, "Jamani mimi sikuja kutazama mlima, nimekuja kula." Yule wa kofia ukamwita Kwandu, wa kuchamba hema la wenzake: "Hema gani hili limekaa kama kofia ya mgambo?" Yule wa miwani ulimwita Mwalimu. Nilicheka mpaka nikatoboa kidole na sindano.

Wa nne, yule wa skafu nyekundu, hukumpa jina. Huyo ulimtafsiri kwa sauti yako mwenyewe, ya chini, bila kuigiza. Alikuwa haongei sana. Alisema, "Baridi ni jirani yangu mbaya, ila leo nimeamua kumtembelea mwenyewe." Alisema, "Nikitangulia kulala, msizime moto." Siku moja wenzake walipomwangalia kwa huruma alisema, "Msiniulize kama naumwa, niulizeni kama nataka chai." Mimi nikadhani hiyo ndiyo hadithi. Nilikuwa nakuuliza, huyu wa skafu ana siri gani? Ukasema tusubiri, mwishoni atasema.

Nyanji, mbona hukusema tu.

Wazo la hema lilikuwa lako. Ulisema sisi ni mafundi, hatuwezi kushindwa na kitu cha pembe tatu. Tukaokota vipande vya turubai kwa yule anayeshona paa za bajaji, tukavipanga sakafuni, tukapima kwa kutazama simu. Wewe ulikata, mimi nikashona, mishono sita. Ukanipa mshumaa ukaniambia kila mshono niusugue ndani na nje mpaka nta ikae, kwa sababu sindano imetoboa na maji hayana haya, yatapita kwenye kila tundu. Nikasugua mitano.

Wa sita ulikuwa ule wa juu kabisa. Ijumaa jioni Kabula akaanza kulia, ana homa ya meno, mkono wangu mmoja uko kwake na mwingine uko kwenye mshumaa. Nikalikunja hema. Nikasema kesho asubuhi nitamalizia. Kesho yake asubuhi nikaosha nepi.

Tukiwa kwenye bajaji kwenda Igombe, na hema limelala miguuni mwetu, uliniuliza, "Mishono yote umepaka?"

Nikasema, "Yote."

Neno moja. Nimeshalisema mara nyingi peke yangu tangu siku ile, nikijaribu kusikia kama lilikuwa na sauti ya uongo. Halikuwa nayo. Nilisema kama mtu anayesema ukweli.

Mama mkwe nilimwambia nakwenda mkesha, nikamwachia mtoto. Wewe ulimwambia mama yako hivyo hivyo, na kweli kanisani kwenu kwaya ilikuwa na mkesha usiku ule. Tulicheka njia nzima, wanawake wazima tunadanganya kama wa darasa la saba. Ndugu yako anayeanika dagaa kule ufukweni alituona tunahangaika na miti akauliza, "Mmefukuzwa nyumbani?" Ukamwambia tumekuja kupiga kambi. Akasema, "Watu wa mjini mna shida zenu," akarudi kugeuza dagaa wake.

Mchana ule ninao wote. Mawe yale makubwa yalikuwa bado ya moto mgongoni. Jiko, sufuria, tambi za pakiti, tangawizi umeitwanga kwa jiwe. Tukakaa kusubiri maji. Hukuongea, sikuongea. Ndege weupe walikuwa wanaiba dagaa, wanafukuzwa, wanarudi. Baadaye sana ukasema, "Unasikia?" Nikauliza nini. Ukasema, "Hakuna anayetuita."

Mvua ilikuja giza likiingia. Ndugu yako akatuita twende kulala kwake, ukakataa, ukasema tumekuja kulala kwenye hema na tutalala kwenye hema. Ulikuwa unatetemeka nikadhani ni furaha. Kisha nikafanya kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu nijifungue. Nililala. Nililala kama jiwe lililozama.

Nilipoamka kulikuwa kumepambazuka. Nilikuwa upande mwingine wa hema, mkavu, nimefunikwa khanga zote mbili. Wewe ulikuwa umekaa, magoti kifuani, pale nilipokuwa nimelala mimi. Na juu ya bega lako, kutoka kwenye mshono wa sita, tone. Linajaa, linadondoka. Sweta lako lilikuwa zito kwa maji.

Nikakuuliza kwa nini hukuniamsha. Ukasema, "Ulikuwa umelala. Ningekuamshaje?"

Hukuniuliza habari za mshono. Uliutazama, ukanitazama, ukaomba chai. Ulipotaka kusimama miguu ikakataa. Ukasema ni zile homa zako za mifupa, zitaisha. Kwenye bajaji ulinishika mkono ukaniambia, "Mama asijue. Ndugu yangu nimemwomba anyamaze. Mimi nilikuwa mkesha." Nikakuahidi. Nimekuwa mtu wa ahadi ovyo sana, Nyanji.

Ulikaa nyumbani siku moja na hospitalini siku nne. Siku ya pili nimekuja na chupa ya uji, mama yako yuko nje ya wodi anamwambia mtu, "Sikoseli yake haitaki baridi. Tangu mtoto sijawahi kumwacha anyeshewe, hata siku moja." Nilisimama na ile chupa. Miaka miwili tunashona chumba kimoja. Sweta kwenye jua kali, na mimi ni mmoja wa waliocheka. Watu wote wa kwenu walijua, ndugu yako wa Igombe alijua, ndiyo maana alikuita uende kwake. Mimi tu. Najua kwa nini. Uliwahi kuniambia pale ulipokuwa unafuma zamani walikushika kama yai, mwisho wakakuambia upumzike nyumbani. Kwangu ulitaka mtu mmoja asiyekushika kama yai. Nimekuelewa. Lakini umeniacha na mzigo ambao sikujua nimeubeba.

Nyumbani kwenu, mwili haujavushwa bado kwenda kuzikwa Nansio, wanakwaya walikuja na sare zao wamejipanga uani. Mama yako akasimama. Akamwambia Mwalimu Perusi, mwalimu wenu wa kwaya, mbele ya watu wote, "Mmemlaza mwanangu kwenye sakafu ya baridi, sasa mnakuja kumwimbia nini?" Akawafukuza. Ulizikwa bila wimbo wa kwaya, wewe uliyeimba tangu shule ya Jumapili. Mwalimu Perusi alifunga kitabu cha nyimbo. Aliinama, akageuka, na wenzake nyuma yake. Mimi nilikuwa jikoni na wanawake, naosha mchele. Nilisikia yote. Niliendelea kuosha mchele mpaka mtu akaniambia inatosha, utautoa ladha.

Miezi minane, Nyanji. Mama yako ameacha kanisa. Akikutana na mwanakwaya njiani anavuka upande wa pili. Mimi nimekuwa nampelekea maziwa, nachota maji, naitwa mwanangu, na kila anaponiita hivyo namsikia yule wa skafu akicheka kwa sauti yako.

Maana nilirudi kwenye simu. Sikuweza kukaa bila kuzitazama. Nikaanzia sehemu ya kwanza, Kabula amelala mapajani, na jambo la kwanza lililonitisha ni kwamba Kijapani sikukisikia. Mdomo wa Mbuke unafunguka, inatoka sauti yako. Kwandu anachamba, ni wewe. Nikaongeza sauti ya simu ili nisikie za kwao, ikawa ni wewe kwa sauti kubwa.

Basi nikaanza kusoma Kiingereza chenyewe. Nasimamisha, nachukua neno moja moja, naliuliza kwenye simu yangu, naandika kwenye daftari la vipimo vya wateja. Ilinichukua wiki kufika ya nane, ya tisa sikuigusa. Yule wa skafu, Nyanji, hajasema hata moja ya yale uliyotafsiri. Pale alipoongea habari za baridi kuwa jirani, alisema, "Wali umeiva." Pale pa msizime moto, alisema amesahau kijiko. Wale wenzake hawakuwa wanamwangalia kwa huruma, walikuwa wanaangalia sufuria. Ni wasichana wazima wenye afya yao wanaongelea chakula. Hakuna siri. Hakuna cha kusubiri aseme mwishoni.

Nilikaa na daftari lile mapajani, upande mmoja kifua na kiuno cha mama fulani, upande wa pili maneno yako. Kwa hiyo ulikuwa unaniambia. Kila siku saa saba mchana, mbele ya ugali, ulikuwa unaniambia na mimi nacheka na Mbuke.

Na sasa hilo la kumtembelea jirani mwenyewe ndilo nisilojua nilifanyie nini. Kuna siku linanipa pumzi: ulijua, ulichagua, ulikwenda na akili zako. Siku nyingine naona natafuta pa kujificha. Ulichagua kulala ndani ya hema lisilovuja. Uliuliza, nikasema yote.

Sijui kama ni ule mshono uliokuondoa. Daktari hakusema hivyo, alisema mengi, na mimi sikuwa na haki ya kuuliza. Najua tu kwamba ulilowa usiku kucha kwa sababu yangu, na mwingine ndiye aliyechukiwa.

Wiki mbili zilizopita mama yako akatangaza Jumamosi ya kuvuka kwenda Nansio kuweka msalaba wa saruji kaburini kwako. Akasema kwaya isikanyage. Siku chache baadaye Mwalimu Perusi akaja kupunguza kiuno cha sketi. Alisubiri mteja mwingine aondoke, akakaa kwenye kigoda chako, akaniambia polepole, "Mama Kabula, yule mtoto siku ile hakuja mkesha. Najua, mimi ndiye niliyegawa uji." Nikaweka mkasi chini. Nikamuuliza kwa nini hajasema miezi yote hii. Akasema, "Nikisema hakuwepo, watu watauliza alilala wapi. Na wakikosa jibu watajijibu. Acha nichukiwe mimi, mimi niko hai." Halafu akainama zaidi akasema, "Ila kama kuna mwanaume, na wewe unamjua, mwambie hata kaburini aje."

Nilicheka. Nisamehe, nilicheka vibaya, mpaka Kabula akaamka. Mwanaume. Sisi na tambi zetu za pakiti. Kisha nikalilia ile sketi hadi ikabidi niianike.

Hapo ndipo nilipokata shauri. Siri uliyoniachia ilikuwa ya kumlinda mama yako, na sasa ilikuwa inakula jina lako na moyo wa mwanamke asiye na kosa. Nilikuahidi kunyamaza, na ahadi hiyo nimeivunja. Nakuambia usoni.

Alhamisi mchana nikambeba Kabula mgongoni na hema kichwani, nikaenda. Mama yako alikuwa uani anachambua choroko. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Leo umeleta turubai, nani ana sherehe?" Nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi na nikasema yote. Safari hii yalikuwa yote kweli: Igombe, bajaji, ahadi, mshono.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo nililokuwa nimejiandaa nalo, kelele. Alisukuma ungo pembeni akasema, "Huo mshono ni upi?"

Tukalifungua hema uani. Akalishika mwenyewe, akaliinua juu ya kichwa chake, jua likapita. Mishono mitano ilikuwa myeusi. Wa sita ulikuwa na matundu ya sindano, moja moja, mstari mzima, na mwanga ukawa unaingia. Aliweka kiganja chini yake. Vidoa vya jua vikakaa kwenye kiganja cha mama yako, akavitazama kama mtu anayehesabu mbegu.

Akasema, "Alikuuliza kama umepaka."

Nikasema ndiyo mama.

"Ukamwambia umepaka."

Ndiyo mama.

"Akakuamini."

Akalishusha hema. Akaniambia, "Liache hapa hema. Wewe nenda, mtoto wako ana njaa." Wala Kabula hakuwa analia.

Siku tatu sikupika chakula kikaiva sawasawa. Jumatatu nikasikia hodi, mama yako mlangoni, hema limekunjwa vizuri kuliko nilivyowahi kulikunja mimi. Hakukaa kwanza. Alisema, "Jana nimeenda kanisani. Nimekaa benchi la nyuma. Walipomaliza nimemfuata Perusi nikamwambia. Amelia yeye, mimi sikulia." Akalitua hema mezani. "Kwaya itavuka na sisi Jumamosi." Halafu akanitazama. "Wewe sijakusamehe. Usinisukume."

Nikasema sawa mama.

Ndipo akakaa. Kwenye kigoda chako. Akaangalia mashine yako chini ya shuka, akavuta pembe moja iliyokuwa imekunjamana akainyoosha. Akasema, "Hizo picha zenyewe nizione. Nijue mwanangu alifuata nini huko."

Nikaegemeza simu kwenye koni ya uzi. Nikabonyeza, ikaanzia pale pale, sehemu ya tisa, dakika ya kumi na moja. Mama yako akatazama. Akasema, "Hawa mama zao wako wapi?" Nikasema hawaonyeshwi. "Na huyo mnene anakula tu?" Ndiyo. "Mbona hakuna kinachotokea?" Nikasema ndiyo hivyo, mama, hakuna kinachotokea. Akasema "mh," akavuta kigoda karibu.

Yule wa skafu akafungua mdomo. Mama yako akauliza, "Huyu anasemaje?"

Nilikuwa nimeapa kutoongeza neno. Nikasoma kilichoandikwa. "Anasema maji yanakaribia."

Akatikisa kichwa. Kisha akasema, "Sio hivyo. Mwanangu alikuwa anakuambia anasemaje?"

Nikafungua daftari la vipimo. Nikamsomea lile la baridi, nikamsomea la moto. Nilipofika kwenye la chai nikalisema kwa kunong'ona: msiniulize kama naumwa, niulizeni kama nataka chai.

Mama yako alishika magoti yake. Akasema, "Kila siku ya Mungu nilimuuliza. Unaumwa? Umevaa sweta? Kila asubuhi. Sikumuuliza kingine." Nje bodaboda zilipita, mtu akaita wateja wa nyanya. Kisha akafuta pua kwa khanga akasema, "Iache iendelee. Sema wewe, kama alivyokuwa anasema yeye."

Nikajaribu. Kwandu alinitoka vibaya, Mbuke kidogo afadhali, mama yako akaguna kama mtu anayezuia kicheko. Yule wa skafu sikumwigiza. Alipoongea nilikaa kimya, na kwa mara ya kwanza nikaisikia sauti yake mwenyewe, ya Kijapani, nyembamba, ya mtoto wa shule. Ilikuwa sio wewe. Iliniuma kuliko ilipokuwa wewe.

Na maji yakachemka, Nyanji. Tulikuwa hatujafika hapo. Yanachemka, wanamimina, wanashika vikombe kwa mikono miwili, wanatazama ziwa. Basi. Mama yako akasema, "Wamekaa vizuri." Alipoondoka aliacha hema juu ya meza ya kukatia. Mlangoni akageuka akasema, "Maliza kazi yako."

Nimeimaliza jana, mvua ikinyesha. Nimesugua mshono wa sita ndani na nje, nikaurudia, mshumaa mzima umekwisha na vidole vimekuwa vyeupe. Tone bado nalisikia. Nilidhani litaacha.

Jumamosi nalibeba kwenye meli. Ikinyesha, tutalisimamisha kando yako, mama yako na Mwalimu Perusi wakae chini yake wakati wenzako wanaimba. Nitabeba na jiko. Mama yako amesema hawezi kulala nje, yeye sio kichaa, ila chai atakunywa.

Ninachokuahidi ni kidogo, kwa sababu zile kubwa nimeziharibu. Mtu akiniuliza kama kazi imekwisha, na haijaisha, nitasema haijaisha, hata kama mtoto analia. Jumatatu nitavua lile shuka nijifunze mashine yako, yale masweta ya kijani, shule imekubali kusubiri. Na Kabula akibisha hodi kwako sitamkataza tena. Nitasimama naye, tusubiri wote.

Mama yako nitamuuliza kama anataka chai. Moto sitauzima.

Lala pakavu, mwenzangu.

Mama Kabula